Somo wa Mtoto wa Kitanda cha Saba

Leo nawapa kazi, siwapi usingizi. Aliyekuja kusinzia ajiondokee mapema, kwa sababu nikimaliza nitamwelekeza mtu kidole, naye atajibu. Mimi nimeshindwa. Nimeibeba hadithi hii tangu masika. Nikikaa inanisimamisha, nikisimama inanikalisha. Tuibebe pamoja basi.

Pale Mwambakuu, mji mdogo wa wakata mkonge, walikuwepo wanawake watatu marafiki, mafundi wa redio, simu na taa za sola. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na walikuwa wakisikilizana kwa kupiga kelele, hata siku ambayo mashine imezimwa.

Wa kwanza ni Mwajabu. Huyu kipaji chake kilikuwa kukifundisha kitu kisicho na akili mpaka kikawa nayo. Alisoma chuo cha ufundi, akarudi na kompyuta moja kuukuu na ugonjwa wa kupanga mambo. Ukimtuma sokoni anakuuliza nyanya zikikosekana alete nini, na hicho nacho kikikosekana afanyeje.

Wa pili ni Chausiku. Alizaliwa usiku, akakua akitazama kila kitu kwa upande wake wa pili. Ukimwonyesha gauni jipya analigeuza aone mshono. Ukimpa habari anakuuliza mwenzako naye anasemaje. Kipaji chake kilikuwa kugeuza.

Wa tatu, Sikudhani. Jina ndilo hilo, lakini yeye hudhani kila kitu, na hudhani kibaya. Ukimkaribisha chai atauliza kikombe kimeoshwa na nani. Kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu kwa kugusa vyuma vya moto, maana haamini kipimo mpaka aguse. Kipaji chake ni shaka, na msinicheke, shaka nayo ni kipaji.

Siku moja akaja karakanani Nesi Veneranda wa zahanati, kofia mkononi, kijasho kinamtoka.

"Wadogo zangu, nisaidieni," akasema. "Niko peke yangu, wodi ya wazazi ina vitanda vinane, na meza yangu iko chumba cha pili. Mzazi akiniita simsikii kwa mashine hii yenu ya kusaga. Juzi mtu kaita mpaka sauti imemkauka. Nataka taa nane mezani kwangu. Mtu akivuta kamba kitandani kwake, taa yake iwake. Basi."

"Lini?" akauliza Mwajabu.

"Jana," akajibu Nesi.

Walikuwa na taa za LED nane, zile ndogo nyekundu kama punje ya mtama. Walikuwa na nyaya, na betri ya sola. Na walikuwa na chipu moja tu, waliyoing'oa kwenye mtambo uliotupwa na kiwanda cha mkonge: mdudu mweusi wa mraba, mwenye miguu arobaini na minne. Chipu hiyo haijui kitu mpaka mtu aifundishe. Ukiiambia kamba hii ikivutwa mguu huu ufanye hivi, inatii, na ukitaka unaifundisha upya. Ila ikiungua, imeungua, na nyingine hawakuwa nayo.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini. Hapa ndipo mtakapogombana.

Mwajabu ndiye aliyeifundisha chipu. Wenzake walitaka iwe kama kengele ya mlangoni: unabonyeza inalia, unaachia inanyamaza. Mwajabu akakataa katakata.

"Mgonjwa mkono wake unachoka," akasema. "Akivuta mara moja, taa ibaki inawaka. Iwake mpaka nesi afike kitandani kwake na kubonyeza kitufe cha ukutani."

"Unajiongezea kazi bure," Chausiku akamwambia.

"Bure ni yako."

Akakesha na kompyuta yake siku mbili, akafuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka chipu ikajua kukumbuka. Ukivuta kamba ya kitanda cha tano ukaenda zako Dar es Salaam, ukirudi utaikuta taa ya tano inakungoja.

Wakaipeleka zahanati, wakafunga, wakashangiliwa. Ilipofika saa nane mchana Nesi akawaita. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha la magharibi, na jua lilikuwa limeimwagikia meza yote.

"Taa iko wapi?" akauliza, kiganja juu ya macho. "Hii? Hii si taa, hili ni jicho la panya."

Na kweli, taa ilikuwa inawaka na huioni. Hapo ikaingia kazi ya Chausiku. Waliziunga zile taa moja kwa moja kwenye miguu ya chipu, bila transista ya kusaidia katikati, kwa kuwa transista hawakuwa nazo na duka lilikuwa Tanga mjini. Mguu ndio uliokuwa unatoa umeme wa kuwashia taa. Chausiku akachukua mita, akapima mguu mmoja, akapima wa pili, akacheka peke yake.

"Mnamlazimisha huyu mdudu ateme," akasema, "na yeye ni hodari wa kumeza."

Akazing'oa taa zote nane, akazigeuza. Upande mmoja akauunga kwenye chanya ya betri kupitia rezista, kidude cha kubana umeme, upande wa pili kwenye mguu wa chipu, ili umeme utoke nje, upite kwenye taa, kisha mguu uumeze. Mguu uliokuwa ukitema kidogo sana ukameza mara tano, sita. Taa zikawaka nyekundu, mchana kweupe, jua likiwa palepale.

Ila ziliwaka zote nane, na hakuna aliyevuta kamba.

"Wodi nzima inaniita," Nesi akalalamika, "na wodini kuna mtu mmoja, naye amelala!"

Mwajabu akaja mbio. Alipotazama tu akajua.

"Umegeuza taa bila kuniambia! Nimeifundisha mguu ukipandisha umeme taa iwake. Wewe umefanya ukishusha ndiyo inawaka!"

"Sasa si uifundishe upya?"

"Ifundishe wewe!"

Wakanuniana siku mbili. Walikuwa chumba kimoja, meza moja, na kila mmoja akimtuma Sikudhani. Mwambie mwenzio anipe koleo. Mwambie mwenzio koleo analo mwenyewe. Siku ya tatu Mwajabu akaifundisha chipu upya, bado amenuna, na taa zikafuata kamba.

Kila mtu alijiona amemaliza, isipokuwa Sikudhani.

"Mmejaribu taa moja moja," akasema. "Sijaona mkiwasha nane kwa pamoja."

"Lini wazazi wanane wataita kwa wakati mmoja?" Chausiku akamuuliza. "Wana kikao?"

Sikudhani akavuta kamba zote nane, akaweka kidole chake cha sugu mgongoni mwa chipu, akaanza kuhesabu. Alipofika sita akauondoa mkono na kuupuliza. Kila mguu ulikuwa unameza kiasi unachokiweza, lakini miguu minane ikimeza pamoja, mwili mzima ulikuwa unaelemewa. Dakika kumi za namna ile, na chipu yao moja ingekwenda na maji.

Akabadilisha rezista zote nane, akaweka zinazobana zaidi. Taa zikapungua ukali, na Chausiku akaja juu.

"Unaniharibia kazi! Unataka kuturudisha kwenye jicho la panya?"

"Sirudi huko. Nataka jicho lione na kidole kivumilie."

Akaketi mezani kwa Nesi siku tatu, saa nane mchana, jua la uso, akijaribu rezista hii na ile. Nesi alichoka kumwona. Mwishoni akapata ile iliyokubali pande zote mbili: taa inaonekana juani, na chipu ikiwa na taa zote nane unaishika mpaka unachoka wewe. Akafunga boksi, akaenda zake, hakupigiwa makofi. Nani humpigia makofi mtu kwa jambo ambalo halikutokea?

Miezi mitatu ikapita. Sasa nitawapeleka wodini, na nyinyi wenye roho nyepesi mshikeni jirani.

Siku hiyo vitanda vyote vilijaa. Kitanda cha saba, kile cha pembeni chenye pazia, alikuwepo Tunu, mke wa Hemedi mkata mkonge. Alijifungua mtoto wa kike saa nne asubuhi, mzazi mzima, mtoto mzima, watu wakanywa uji. Saa nane mchana tumbili akaingia dirishani kufuata ndizi za kitanda cha tatu.

Mmewahi kuona tumbili kwenye wodi ya wazazi? Huyu anapiga yowe, yule anafunika mtoto, yule anarusha kandambili. Na wote, kila mmoja, akavuta kamba. Mezani kwa Nesi taa nane zikawaka kwa pamoja.

Nesi akaja na ufagio. Ikawa patashika, tumbili juu ya kabati, tumbili juu ya neti, mpaka robo saa nzima ilipopita ndipo akatoka alikoingilia, na ndizi yake mkononi. Wodi ikaangua kicheko. Nesi akapita kitanda kwa kitanda akibonyeza vitufe, huku anacheka na yeye. "Basi, basi, kashaondoka mgeni wenu." Pazia la kitanda cha saba lilikuwa limefungwa, akadhani mwenyewe kalala. Akalipita.

Lakini Tunu hakuvuta kamba kwa ajili ya tumbili. Tumbili hakumwona. Alisikia uvuguvugu chini yake, akapeleka mkono, akautoa mwekundu. Akataka kuita, na wodi nzima ilikuwa inapiga yowe. Akavuta kamba mara moja, na giza likamchukua.

Nesi alirudi mezani, akakaa, akavuta daftari aandike. Jua lilikuwa juu ya meza. Katikati ya jua, taa ya saba ilikuwa inawaka.

"Na huyu naye bado anamwogopa tumbili?" akasema, akaendelea kuandika. Taa ikaendelea kuwaka. Akaandika mstari wa pili. Taa ikamkera, nasema kweli, ilimkera tu. Akainuka kwa hasira akaizime. Akavuta pazia.

Damu ilikuwa imevuka godoro imefika sakafuni.

Sitawasimulia mbio zile, gari lile, na Hemedi aliyekimbia kutoka shambani na panga lake mkononi bila kujua analo. Huko hospitali walimwokoa, ila walilazimika kuondoa kizazi. Tunu alipofumbua macho siku ya tatu, wakamweleza yote mawili: umepona, na hutazaa tena. Akalia. Kisha akauliza Nesi alijuaje. Wakamwambia ni taa. Akashika mkono wa mama mkwe wake, Bibi Mwanjaa, na mbele ya watu wanne akaweka nadhiri:

"Aliyeiwasha ile taa ndiye somo wa mwanangu. Mtoto atachukua jina lake."

Hakujua kwamba ni watatu.

Kwetu mtu ambaye mtoto amepewa jina lake ndiye somo wake, na usomo si heshima ya siku moja. Somo ndiye anunuaye kanga ya kwanza. Somo humkemea mtoto akikosea, na mzazi hana ruhusa ya kununa. Mama akitangulia mbele ya haki, somo ana neno juu ya mtoto huyo. Na Tunu alikuwa ameshaona kwa macho yake jinsi mama anavyoweza kutangulia, kati ya uji wa asubuhi na chakula cha mchana.

Siku ya saba ya kumpa mtoto jina ikamkuta bado hospitali. Wakasema basi, itakuwa arobaini. Hapo ndipo Tunu alipopoteza utulivu. Alirudi nyumbani hawezi kukaa. Anampakata mtoto, anamlaza, anamwinua. Anafagia ua uliofagiwa. Mtoto hana jina, majirani wanamwita Namba Saba kwa utani, na kila wakiita, Tunu anageuka kama aliyechomwa mwiba.

"Mpe majina yote matatu," Hemedi akamshauri. "Mwajabu Chausiku Sikudhani."

"Huyo ni mtoto au ni orodha ya mahudhurio?" akasema Bibi Mwanjaa. "Masomo watatu watavutana, na mtoto ndiye atakayechanika. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Na huyo Chausiku mnamtoa wapi, mtoto kazaliwa saa nne asubuhi?"

"Basi Nesi," akasema Hemedi.

Walimwendea Nesi. Akacheka, akakataa. "Nina Veneranda kumi na saba mtaani, kanga zitanimaliza. Tena mimi nilikwenda kuizima, sikwenda kumwokoa mtu. Msinipe kisicho changu."

Najua kuna mmoja wenu anataka kusema tumbili. Anyamaze.

Tunu akaandika majina matatu kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye kibakuli apige kura. Akapeleka mkono, akaurudisha. "Kura haijui kitu," akasema. "Mimi najua. Kwa nini nimwachie asiyejua?" Akavichoma jikoni.

Ilipobaki siku moja wale mafundi walikuja kumjulia hali. Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja alikuwa na kanga kwenye mfuko.

Mwajabu alikaa kwenye mkeka, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. "Dada Tunu," akasema, "uliivuta ile kamba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ulipoiachia?"

"Sikumbuki tena."

"Chipu ilikumbuka. Wewe ulikuwa umeshasahau dunia, yenyewe ikakukumbuka robo saa nzima. Wenzangu walisema najiongezea kazi bure. Sisemi zaidi."

Chausiku hakukaa hata kidogo, aliongea amesimama. "Mimi sijui kuzunguka, shoga yangu. Usomo nautaka. Kumbukumbu ni nzuri, lakini kumbukumbu isiyoonekana inamsaidia nani? Saa nane mchana, jua la meza ile, taa yako ingewaka mpaka kesho na Nesi asiione. Niligeuza taa nane kwa mikono hii, nikatukanwa. Na kuhusu kuzaliwa mchana, mwambie bibi kwamba usiku nao una watu wake."

Sikudhani alikuja jioni, akakaa mlangoni. Aliuliza kama kidonda kimefunga, kama maji anayokunywa yamechemshwa. Hakuligusia jambo lenyewe. Alipoinuka kuondoka Tunu ndiye aliyemshika kanga.

"Na wewe huna la kusema?"

"La kusema gani, dada? Siku ile ziliwaka zote nane robo saa. Kwa rezista za mwanzo chipu ingeungua kabla tumbili hajatoka, na taa yako ingezimika pamoja na nyingine. Nesi angeona meza nyeusi akasema wote wamenyamaza, kumbe ndiyo basi. Wenzangu walifanya kitu ukakiona. Mimi nilifanya kitu kisitokee. Nitadaije?" Kisha akasema haraka, bila kumtazama: "Lakini usomo nautaka kuliko wao. Mungu anisamehe."

Usiku huo Tunu hakulala, na mimi nisingelala.

Arobaini ikafika. Mkeka ukatandikwa, ubani ukafukizwa, ukumbi ukajaa. Maalim akampokea mtoto mapajani, akamfunua uso. Wale watatu walikaa pamoja, bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake. Chausiku alikuwa anatikisa mguu. Mwajabu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga. Sikudhani aliinamisha kichwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Bibi Mwanjaa akanong'ona.

"Kweli, mama," Tunu akajibu, "lakini pete huvaa kimoja."

"Mtoto huyu ana haki ya jina," akasema Maalim, "na amekaa siku arobaini bila haki yake. Hatutamwongezea ya arobaini na moja. Mama, anaitwa nani?"

Tunu akamtazama mtoto wake, wa kwanza na wa mwisho. Akamtazama Mwajabu, aliyemkumbuka alipokuwa hajikumbuki. Akamtazama Chausiku, aliyefanya aonekane juani. Akamtazama Sikudhani, ambaye kwa sababu yake hakuna kilichoungua. Alijua kwamba jina atakalolitamka litamfurahisha mmoja na kuwaumiza wawili, na kwamba wote watatu wana haki ileile, na kwamba akifa kesho mmoja tu ndiye atakayeweza kusema: huyu ni wangu.

Akafungua mdomo.

Wewe uliyekaa hapo karibu na mlango, usiangalie chini. Mtoto yuko mapajani mwa Maalim, analia, na watu wanangoja. Mwite. Anaitwa nani?